Jasho Si Kiungo

Nianze na neno litakaloniletea matata: nyumba nyingi za pwani hii, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, chakula twakipima kwa jasho la aliyekipika. Wali uwe wa nazi, nazi ikunwe, tui lichujwe, samaki akaangwe kisha atiwe mchuzi, mchicha uungwe kando. Na yote hayo yafanyike saa sita mchana mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi umekata, joto limepita nyuzi 30, jikoni paa ni la mabati na dirisha ni moja, ukubwa wa daftari. Akitokea mtu akaweka mezani kitu kitamu kilichomchukua dakika ishirini, ataulizwa, "Na chakula ki wapi?"

Naandika kutetea kitu kimoja ambacho kila mara huulizwa hivyo. Ni saladi ya tambi baridi ya Kijapani. Kwa asiyeijua: tambi huchemshwa dakika chache, zikaoshwa kwa maji baridi mpaka zisinate, zikapangwa sahanini na matango, karoti, kimanda cha yai kilichokatwa vipande vyembamba na kitoweo chochote, kisha zikamwagiwa sosi ya soya, siki, sukari na ufuta. Huliwa baridi. Wajapani huila majira ya joto, na watu hujitengenezea majumbani mwao bila makeke.

Mimi nimepanga chumba na sebule Kilifi mjini, na kuanzia Desemba hadi Machi hicho ndicho chakula changu cha mchana mara tatu kwa wiki. Tangu nianze kukisifu hadharani nimekusanya maneno ya kutosha kitabu. Hebu tuyapitie moja moja, manake nyuma ya maneno hayo kuna jambo kubwa kuliko tambi.

La kwanza: "Chakula baridi ni kiporo."

Mjomba wangu mmoja huongeza kwamba chakula baridi ni cha mgonjwa na mfungwa. Sawa, mjomba, shikamoo. Lakini huyo huyo mjomba asubuhi hula wali wa jana na chai ya rangi, na ole wake atakayeugusa kabla yake. Mahamri yaliyolala huliwa. Mkate wa sinia huliwa ukiwa umepoa, na ukiwa wa moto haukatiki vizuri. Kachumbari ni baridi. Achari ya embe ni baridi. Maji ya ukwaju hayanywewi ya moto. Na muulize yeyote anayeuza embe mbichi kwa chumvi na pilipili nje ya lango la shule kama wateja wake huuliza mbona hakuzipasha.

Ulimi wa pwani wajua baridi. Wajua pia chachu, tamu, chumvi na ukali vikiwa pamoja kinywani, na hiyo ndiyo ladha yenyewe ya sosi ya Wajapani. Mtu aliyekulia kwa achari na ukwaju hahitaji kufundishwa kuipenda. Tofauti ya kiporo na saladi hii ni moja: kiporo kimepoa kwa kusahaulika, saladi imepozwa kwa makusudi.

La pili: "Si chakula chetu."

Hili ndilo hupendwa na vijana wenzangu, hasa wale ambao mwaka mzima hawajali nini ni chetu mpaka mwanamke apike kitu kipya. Haya, tuhesabu vyetu. Tambi hazikuota Gede. Ngano yake hailimwi Ganze. Lakini mwezi wa Ramadhani tambi zikikaangwa zikatiwa sukari, iliki na zabibu, hakuna anayeuliza zilitoka bandari gani. Mahindi, muhogo, nyanya, pilipili na korosho asili yake ni Amerika, na vilifika huku baada ya meli za Wareno kuanza kupita. Vasco da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498. Kwa hivyo sima ya mahindi, ile tunayoiapia, bado ni mgeni ukilinganisha na mtama na wimbi. Amekaa sana, tukamzoea, tukampa uraia.

Na Malindi ndiyo ya kusema "si chetu"? Wataliano walikuja kurusha setilaiti baharini pale Ngomeni, ile ya San Marco 2 ikaruka Aprili 1967, na Wataliano wengine wakafuata na mahoteli, pizza na spageti. Leo kuna vijana wa Malindi wanaoongea Kiitaliano safi na hawajawahi kuona ndani ya ndege. Spageti iko kila duka la mtaa, karibu na unga na sabuni. Majirani zetu Wasomali wana baasto yao, nao huila na ndizi, na ni tamu. Indomie imekuwa chakula cha taifa la wanafunzi. Tambi nyembamba, tambi nene, tambi za pakiti, zote tumezikubali zikiwa za moto. Zikipoa tu, zimekuwa za wageni!

Sasa sikiliza habari ya hiyo saladi yenyewe. Ile iliyo maarufu zaidi Wajapani huiita hiyashi chuka. Maana ya jina hilo ni "ya Kichina iliyopozwa". Masimulizi yanayojulikana zaidi yanaipeleka mji wa Sendai, mwaka 1937, kwenye mkahawa uitwao Ryutei. Biashara ya huko ilikuwa vyakula vya Kichina, na wakati wa joto wateja walikuwa wanapungua, manake nani anataka bakuli la supu inayofuka moshi huku shati limemganda mgongoni? Wakatafuta njia ya kuziuza tambi zikiwa baridi, wakaweka mboga juu, wakaongeza uchachu. Basi. Hawakuficha kwamba tambi walizitoa kwa Wachina; waliliacha neno hilo ndani ya jina. Chakula kilizaliwa kwa sababu watu walikuwa wanatoka jasho na mpishi mmoja akawa na akili ya kuliona.

Na kwa Wachina hatuna haja ya kujifanya wageni. Makaburi ya kale ya Mambrui yalipambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China. Gede kumechimbuliwa vigae vyao. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China. Twiga mzima alivuka bahari, na sisi tunaogopa sahani ya tambi.

La tatu latoka upande wa pili kabisa, na wallahi hili hunikera zaidi: "Hiyo yako si halisi."

Hawa ni wajuzi. Wamekula Nairobi, wengine wamekula Dubai. Wakiona nimetumia spageti na ndimu, huniambia lazima tambi ziwe za aina fulani, siki iwe ya mchele, na pawe na mirin, chupa ndogo inayouzwa kwenye supamaketi kubwa kwa bei ya mfuko wa unga na chenji yake. Hakuna anayewakumbusha kwamba mirin halisi ni kileo, karibu asilimia 14, na kwamba nyama inayowekwa juu mara nyingi ni ya nguruwe. Nusu ya majirani zangu hawatagusa kimojawapo. Mnataka waache kula mpaka mmalize mjadala wa uhalisi?

Niliwahi kufanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya ufukweni, miezi saba. Tambi baridi zilikuwa kwenye menyu ya wageni, na bei ya sahani moja ilizidi ujira wangu wa siku. Sisi tulizitengeneza, tukazitoa nje kwenye kivuli na upepo wa bahari, kisha tukarudi nyuma ya jengo kula sima na maharagwe ya moto kando ya majiko manne yanayowaka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ubaridi nao ni mali, na umegawanywa kama mali nyingine yoyote. Mgeni amelipia apoe. Mpishi analipwa aungue. Wajuzi wanaotaka chakula hiki kibaki na chupa zake za bei wanasaidia, wapende wasipende, kukiacha kilipokuwa: nje ya nyumba zetu.

Basi nitaandika hapa jinsi kinavyotengenezwa kwa vitu vya soko la Malindi, na mwenye siri zake azifiche.

Chukua pakiti ya gramu 400 ya tambi au spageti, yatosha watu wanne. Ukitumia tambi nyembamba zile za futari, usizikaange. Zichemshe kwa maji mengi dakika mbili au tatu huku unaonja, manake ukigeuka kujibu simu zishakuwa uji. Japani kuna aina iitwayo somen, nyembamba hivyo hivyo, nayo huliwa baridi, kwa hivyo hutakuwa umezua kitu. Ukitumia spageti, tia kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea kwa kila lita ya maji. Tambi za Kichina na za rameni hupata ule mvuto wake na rangi ya manjano kwa sababu unga wake hukandwa kwa maji yenye magadi. Magadi! Kile kile ambacho akina mama hutia kwenye maharagwe yakiwa magumu, na ambacho Kenya ina ziwa zima lenye jina lake. Soda hiyo hufanya kazi kama hiyo kwenye sufuria yako.

Zikiiva, mwaga maji ya moto, zioshe kwa maji baridi huku unazisugua polepole kwa mikono. Usiruke hatua hii. Kinachozifanya zinate ni wanga uliobaki nje. Ukiuosha, tambi zinakuwa laini na zinateleza. Zichuje sawasawa, la sivyo sosi itageuka maji.

Sosi: vijiko vinne vya soya, vitatu vya maji ya ndimu, viwili vya sukari, vinne vya maji, tangawizi ya kukwaruza. Ukwaju wafaa badala ya ndimu, ila punguza soya kidogo. Mafuta ya ufuta yakiwa ghali, nunua ufuta wenyewe, simsim ukipenda, ukaange bila mafuta mpaka utoe harufu, kisha uutwange kwenye kinu. Nusu yake uchanganye kwenye sosi, nusu unyunyize juu. Nadiriki kusema harufu yake itaishinda ile chupa.

Juu weka unachopata: matango, karoti, embe mbichi iliyokatwa kama njiti, kitunguu cha majani, kimanda cha yai. Kitoweo, hapa ndipo tunapowashinda Wajapani wa bara: pweza aliyechemshwa jana, jodari aliyebaki, kuku wa kuchoma wa jioni aliyechambuliwa. Pilipili, kadiri ya ukoo wako.

La nne: "Haishibishi."

Hili nalipokea kwa heshima kwa sababu wengine huliuliza kwa dhati. Anayesukuma mkokoteni au anayetoka kuvua usiku kucha hawezi kupewa majani na tambi nne. Lakini gramu 100 za tambi kavu kwa mtu mmoja ni chakula kamili cha wanga, na ukiongeza yai na pweza hutaona njaa kabla ya alasiri. Asiyetosheka aongeze kunde za kuchemsha. Zinaingia vizuri kwenye sosi hiyo. Wala sijasema tuache sima. Sima iliwe jioni, jua likishatua na upepo ukirudi, ambapo hata moto haumwonei mtu. Ijumaa ni biriani, sawa. Idd ni Idd. Nazungumzia mchana wa Jumanne.

La tano: "Maji je? Na friji?"

Hili ndilo la maana kuliko yote, na ajabu ni kwamba ndilo husemwa kwa nadra. Chakula kinachooshwa baada ya kuiva kinahitaji maji safi kuliko chakula kinachotoka motoni. Maji ya mfereji yakiwa ya mashaka, na huku mara nyingi ni ya mashaka, chemsha usiku, yaache yapoe, uyatie kwenye mtungi. Mtungi wa udongo hupoza bila stima: maji hujipenyeza nje ya kuta zake, upepo huyakausha, na ukaukaji huo hubeba joto likaondoka nalo. Wazee walijua haya kabla ya friji. Barafu unayoiona bandarini kwenye makreti ya samaki usiitumie, ile si ya kula. Pweza au kuku wa jana awe amelala kwenye friji. Kama huna friji au stima ilipotea usiku, tumia yai la leo. Na ukishatengeneza, kula. Chakula hiki hakingoji jioni kwenye joto letu.

Sasa, baada ya maneno yote matano, nataka turudi kwenye swali la "chakula ki wapi?"

Nimeliona likiulizwa kwenye nyumba ya jamaa, siku mke mdogo wa nyumba alipowawekea watu sahani kubwa ya tambi baridi na samaki. Watu walikula. Walirudia. Sahani ilirudi jikoni nyeupe. Kisha shangazi mmoja akasema kwa upole, ule upole unaokata kuliko kisu, "Mwanangu, leo umepumzika, eh?" Kila mtu akacheka. Yule dada akacheka pia. Siku iliyofuata alikuna nazi nne.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Shangazi hakulalamikia ladha. Alilalamikia kwamba mwanamke hakuonekana amechoka. Kwetu uchovu wa mpishi ndio stakabadhi ya heshima: mgeni anaheshimiwa kwa sababu mtu fulani ameungua kwa ajili yake, mume anapendwa kwa sababu mtu fulani macho yamemwiva kwa moshi. Na moshi huo si mchezo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba, inayotokana na kupikia kwa kuni, makaa na mafuta ya taa, ilichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Serikali yetu nayo, iliyokuwa ikituhimiza tutumie gesi, ilirudisha ushuru wa asilimia 16 juu ya gesi hiyo Julai 2021, ikaupunguza mwaka 2022, ikauondoa 2023. Katikati ya kupanda na kushuka huko, kuna wanawake waliorudi kwenye makaa, na sikusikia mtu akiandika shairi.

Siwezi kubadilisha bei ya gesi kwa sahani ya tambi. Lakini naweza kuhesabu. Wali, mchuzi wa nazi na mboga hukalisha mtu motoni saa moja na nusu, wakati mwingine mbili. Tambi hizi zahitaji moto wa kuchemsha maji, dakika chache za kuivisha, na dakika mbili za kimanda. Kinachobaki ni kisu na ubao, kazi unayoweza kuifanya barazani ukipigwa na upepo na kuongea na watu. Mara tatu kwa wiki, miezi minne ya kaskazi. Piga hesabu mwenyewe ni saa ngapi za maisha ya mtu.

Najua watakaosema natukana mila. Mila ya kukarimu siigusi. Mgeni akaribishwe, apewe maji, apewe kilicho bora. Nauliza tu kwa nini ubora lazima uthibitishwe kwa ngozi ya mtu mwingine. Yule mpishi wa Sendai aliwaona wateja wake wanatoka jasho, akawahurumia kwa chakula. Sisi twaweza kwenda hatua moja mbele yake na kumhurumia mpishi.

Na kwa kaka zangu, manake nawajua mnasoma huku mkitabasamu mkidhani vita hivi ni vya wanawake: kwa miaka mmejitetea kwamba hamjui kukuna nazi, hamjui kuchuja tui, wali ukiupika unashika chini. Nimewaondolea sababu zote. Hapa hakuna nazi, hakuna tui, hakuna kushika chini. Kuna maji ya kuchemsha, kisu na ndimu. Jumanne hii, mama akikaribia jiko saa tano na nusu, mwambie akae barazani. Shangazi akiuliza chakula ki wapi, mjibu wewe.